Kunywa Maji Kwanza

Sivakasi, 9 Februari

Mdogo wangu Ilango,

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima wa mwili. Binti yetu Poongodi anakohoa kidogo, mbuzi mweupe amezaa mapacha, na yale mabati uliyotutumia bado yameegemea ukuta. Aliyekuwa ayaezeke ni mwanangu, na mwanangu hayupo.

Utashangaa kuona barua, kama watu wa zamani. Simu nimempa Poongodi. Sitaki tena sauti ya mtu yeyote sikioni mwangu. Usinipigie, na ukimpigia yeye usimwambie anipe. Ukiwa na neno, andika.

Hukuja kuuchoma mwili wa mpwa wako. Ulisema kazi ya studio imekubana. Siku ya kumi na sita, ya kumaliza matanga, pia hukuja. Haya, nimesikia. Kwa kuwa hukuwepo, acha nikusimulie mwenyewe, maana najua ulichosoma magazetini.

Siku ya Pongal, sikukuu yetu ya mavuno, filamu mpya ya Ranadhiran ilionyeshwa alfajiri. Vijana wa chama chake cha mashabiki walikuwa wamesimamisha sanamu yake ya mbao mbele ya jumba la sinema, futi sitini kwenda juu. Unamjua Esakki wetu. Tangu utotoni alikuwa akimtazama yule mtu kama mungu. Aliweka nadhiri kwamba mwaka huu yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kummwagia maziwa kwenye paji la uso. Alinunua maziwa kwa Velladurai, akajifunga ndoo mgongoni kwa kamba, akapanda mianzi iliyoishikilia sanamu, bila viatu. Akafika. Akamwaga. Watu wakapiga vigelegele, naye akageuka awapungie mkono. Velladurai muuza maziwa ndiye aliyemwokota na kumleta nyumbani mikononi, akitembea katikati ya barabara huku malori yakimpisha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, Ilango.

Jioni ile ile simu ikalia. "Mama, ni mimi Ranadhiran." Sauti ile nani asiyeijua? Miaka kumi na tano inapenya ukuta wa nyumba yangu kutoka kwenye televisheni ya jirani. Nilipiga ukelele hadi nikakosa pumzi. Akaniambia, kunywa maji kwanza, ndipo ulie. Nikanywa. Akasema kuanzia leo yeye ni mwanangu, siku ya kumi na sita atakuja mwenyewe asimame mahali pa Esakki. Akasema kesho watu wake wataleta karatasi, nitie sahihi tu, nisiwe na wasiwasi.

Mimi ninayesoma kila kitu kinachotoka kwenye mashine za kuchapa kiwandani, karatasi ile sikuisoma. Iliandikwa kwamba mwanangu alikuwa amelewa, kwamba alikatazwa kupanda akakaidi, na kwamba familia haina lalamiko. Esakki ambaye hata togwa la sherehe alikuwa anakataa! Keshokutwa yake ikatoka gazetini: "Mlevi aanguka."

Siku ya kumi na sita nilikodi viti themanini. Mtaa mzima ulifagiwa. Vijana wa chama walileta ngoma na shada la maua refu kuliko mlango. Tulikaa mpaka jua likazama. Shada lile mbuzi wamelila.

Sasa wewe unafanya kazi za sauti huko Chennai, unakula na watu wa filamu. Niulizie jambo moja tu: ile simu ilipigwa vipi, na nani alikuwepo? Sitaki pole, nimeshiba pole. Nataka yule mtu aumbuke mbele ya watu kama nilivyoumbuka mimi mbele ya viti vyangu.

Dada yako,
Pechiammal


Chennai, 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata mapema, nimechelewa kujibu kwa sababu ya homa na kazi. Sisi wazima. Mke wangu anakusalimu sana. Joto limeanza kabla ya wakati wake na maji ya bomba yanatoka siku moja moja. Namtumia Poongodi sari ya kijani, na dawa ya kikohozi ambayo mke wangu anaiamini kuliko madaktari.

Dada, nimelia juu ya Esakki na naendelea kulia. Ninakumbuka nilivyompakata siku ya kutogwa masikio, alivyonikojolea shati jipya na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Mjomba anayekosa msiba wa mpwa wake hana la kusema. Nisamehe.

Kuhusu kazi yangu, usidhani mimi ni mtu mkubwa. Unajua kwenye filamu mimi ni sauti za polisi, mashetani, na baba wa bibi harusi anayefoka mara mbili akafa. Ofisi ya Ranadhiran ina mameneja, wanasheria, watu wa magazeti. Mtu kama mimi hafiki hata kwenye ngazi zake. Nitauliza, lakini usitegemee sana.

Nakuomba kitu kimoja, usikasirike. Hawa watu ni wakubwa. Wana mashabiki wanaokata vidole kwa ajili yao. Ukishindana nao watakuumiza na Poongodi hajaolewa bado. Mwachie Mungu.

Mdogo wako,
Ilango


Sivakasi, 11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Sari imefika, Poongodi ameipenda. Dawa ni chungu na kikohozi kimeisha, kwa hiyo mke wako ameshinda. Yule mwanambuzi mmoja amekufa.

Umeniambia nimwachie Mungu. Mungu nimemwachia mume, nimemwachia mtoto. Hiki sikiachi.

Nikwambie kazi yangu ya sasa. Kiwandani tunachapa kalenda za mwaka ujao, na kalenda inayotakiwa kuliko zote ni yake. Miezi kumi na miwili, nyuso kumi na mbili. Juu imeandikwa "Mwana wa Kila Mama," ndilo jina walilompa. Mimi niko meza ya kukunja. Nakunja uso wake kuanzia asubuhi hadi king'ora cha jioni, na kila mkunjo naukandamiza kwa ukucha puani pake. Msimamizi anasema sijawahi kukunja vizuri hivi.

Vijana wa chama cha mashabiki, wale wale waliokula wali nyumbani kwangu, sasa wakiniona sokoni wanaambiana, "Mama Mlevi huyo." Jana mmoja aliniuliza, "Mama, mwanao Ranadhiran hajambo? Atakuja lini, tulete viti?" Nikamjibu, "Viti lete. Na wewe ukianguka nitakuja kukaa." Wenzake walicheka.

Habari njema ipo. Poongodi ameposwa. Kijana anatoka Virudhunagar, fundi wa pampu za maji, ana masikio makubwa na adabu. Harusi ni mwisho wa Agosti. Huna haja ya kukumbushwa: mjomba ndiye anayemvisha bibi harusi shada na kumpandisha jukwaani, na bila mjomba hakuna harusi. Kiti ni chako tangu siku msichana huyu alipozaliwa.

Lakini hukunijibu nilichokuuliza. Ile simu, Ilango. Nani aliipiga, nani alikuwepo? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nami nimeamua kuitikisa nguo yote. Nijibu.

Pechiammal


Chennai, 20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hongera kwa posa. Mke wangu ameshaanza kuulizia bei za shada na vikuku. Kwamba kiti kile ni changu, dada, nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Nimekaa na barua yako wiki tano. Sasa nakuambia jambo ambalo nilitia sahihi kutolisema kwa mtu, na ambalo hata mke wangu alilijua miaka mitatu baada ya ndoa. Barua hii ukiimaliza ichome.

Sauti ya Ranadhiran ni mimi.

Filamu yake ya kwanza alisema mwenyewe, watu walioitazama kwa majaribio wakacheka hadi wakashika mbavu. Ana kifua cha mpiganaji na sauti ya mtu aliyebanwa na mlango. Wakatafuta mtu. Tangu siku hiyo, kila neno ulilolisikia kupitia ukuta wa jirani ni langu. Nasimama kwenye chumba cha giza mbele ya picha, natazama midomo yake. Akivuta pumzi, navuta. Akimeza mate, nameza. Ndiyo maana hahojiwi popote, hukunja mikono tu na kutabasamu, na watu husema ana unyenyekevu. Esakki alipokuwa mdogo akiigiza maneno yake uani kwenu, alikuwa akimwiga mjomba wake. Sikuwahi kumwambia.

Sasa sikiliza. Tarehe mosi Juni wanafanya sherehe ya filamu yake ya hamsini, uwanjani, na televisheni zitaonyesha moja kwa moja. Mara hii mashabiki wamedai azungumze, na wafadhili pia. Imepangwa hivi: yeye atasimama jukwaani na kipaza sauti kilichokufa, mimi nitakuwa nyuma ya pazia na kilicho hai na kiruninga kidogo cha kutazamia midomo yake. Hotuba ni ya kurasa tatu, inahusu akina mama. Tumeshaifanyia mazoezi mara nne.

Wewe unataka aumbuke. Siku hiyo mdomo wake utakuwa mikononi mwangu. Niambie unachotaka usikie.

Kuhusu ile simu, ofisi yake ina watu wengi, na mambo ya namna hiyo mimi sishirikishwi.

Ilango


Sivakasi, 26 Aprili

Ilango,

Barua nimeisoma na nimeichoma, kama ulivyotaka. Mbuzi hawajambo. Poongodi hajambo.

Kwa hiyo ni wewe. Makubwa haya. Miaka yote hiyo nilikuwa namtukana jirani apunguze sauti, kumbe nakutukana wewe.

Nitakuambia ninachotaka. Nataka jina lake kamili, Esakkimuthu, na jina langu, na Sivakasi, ili asitafutwe Esakkimuthu mwingine. Nataka wasikie kwamba hakuwa amelewa. Nataka wasikie habari ya simu na ahadi na karatasi, kwa mpangilio huo. Halafu nyamaza, mwache mwenye mdomo atumie sauti yake.

Umesema kuhusu simu hushirikishwi. Sawa. Nakuuliza kwa mara ya tatu, na sitauliza tena: hujui kabisa aliyenipigia?

Pechiammal


Chennai, 5 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika kutoka kwa rafiki yangu mmoja huku Tambaram, nyumbani sikai tena. Mke wangu yuko kwao. Hatujambo wote.

Najua umeona, kila mtu ameona, lakini nataka usikie kwangu.

Uwanja ulijaa. Walimleta kwa farasi mweupe, maua yakimwagwa kutoka juu kwa mashine. Akapanda, akakunja mikono, wakalia kama watoto. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kwenye kiti cha plastiki. Kurasa mbili za mwanzo nilisoma kama zilivyo. Akina mama walikuwa wanajifuta macho. Ukurasa wa tatu ulianza, "Hakuna mama niliyemsahau." Niliisema hiyo, midomo ikaenda sawa. Halafu karatasi nikaiweka chini.

Nikasema: "Yupo mmoja. Pechiammal wa Sivakasi. Mwanawe Esakkimuthu alianguka kutoka kwenye sanamu yangu siku ya Pongal akinimwagia maziwa. Hakuwa amelewa. Hajawahi kulewa. Nilimpigia mama yake simu nikamwita mama, nikamwahidi nitakuja, nikamtaka atie sahihi karatasi ya uongo. Sikwenda. Nilimdanganya mwanamke aliyefiwa siku ile ile aliyofiwa."

Mwanzoni aliendelea kuchezesha midomo, dada. Mazoea. Alidhani ni hotuba. Ilipofika "nilimdanganya" ndipo alipoganda, mdomo wazi, kwenye ule ukuta wa skrini wenye urefu wa nyumba tatu. Mimi nikanyamaza. Fundi mitambo akababaika, akafungua kipaza sauti chake. Na uwanja mzima ukaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza: "Zimeni! Nani huyo? Zimeni, washenzi nyie!" Nyembamba vile vile. Mtu mmoja upande wa mashariki akacheka, na kicheko kikazunguka uwanja hadi kikarudi kilipoanzia. Hata farasi aligeuza shingo.

Wamenifungulia kesi. Studio zote zimenifungia milango, na watu wawili walikuja nyumbani kuvunja vioo. Sijali. Gazeti lile lile liliandika jana kwamba kijana wa Sivakasi hakuwa mlevi, na daktari aliyempima amejitokeza kusema. Ranadhiran amejifungia ndani. Mtaani watoto wanamwiga, "Zimeni, zimeni."

Nimefanya ulichotaka, dada. Sasa napata usingizi. Mwisho wa Agosti nitakuja na shada la Poongodi nimelishika mwenyewe, nikae kwenye kiti changu, nikuone uso kwa uso. Nina hamu ya kukusikia, hata kama ni kwa kutukanwa.

Mdogo wako,
Ilango


Sivakasi, 10 Agosti

Ilango,

Kunywa maji kwanza, ndipo usome.

Salamu kutoka kwa wote. Mabati yameezekwa. Mbuzi mweupe ana mimba tena. Sanamu mbele ya sinema wameing'oa, mbao wamezichukua watu kwa kuni, na mimi nilipata kipande cha sikio, nikapikia chai. Vijana wa chama wamekuja nyumbani kuniomba radhi, wameinama mpaka chini. Yule wa viti amelia. Wakati mwili wa Esakki ulipolala ubaoni niliapa nitamwona yule mtu amechekwa, na nimemwona, kwenye televisheni ya jirani, mara kumi na moja. Nashukuru. Hilo ulilifanya vizuri na silichukui kwako.

Barua zako nne za Juni na Julai nimezipata. Nilikuwa nangoja jambo moja liwemo ndani. Halikuwemo.

Kunywa maji kwanza, ndipo ulie. Unakumbuka nani alikuwa akisema hivyo? Tukirudi kutoka shule tumechapwa, Baba alikuwa akitusimamisha wote wawili mbele ya mtungi, na hakutusikiliza mpaka kikombe kiishe. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii niliyewahi kumsikia akisema hivyo. Kwenye filamu unanguruma, sikuwahi kukutambua hata siku moja. Kwenye simu ulinihurumia ukasahau kunguruma. Nilipokunywa yale maji nilikuwa nimeshajua naongea na nani.

Nilijua, Ilango. Nilijua wakati unajiita mwanangu. Nilijua uliponiambia nitie sahihi, na nikatia bila kusoma, kwa sababu aliyeniambia alikuwa ndugu yangu. Neno la mcheza filamu lisingenifanya nitie sahihi. Watu walidhani viti themanini ni vya Ranadhiran. Nilimngoja mtu mmoja tu siku ile, aje kwa basi, aniambie, "Dada, nililazimishwa, nisamehe." Ningekusamehe kabla hujavua viatu.

Hukuja. Nikaiweka simu mbali kwa sababu sikutaka kuisikia tena sauti yako ikiniongopea, nikakuandikia barua. Nikakuuliza nani alinipigia. Mara ya kwanza ukasema utauliza. Mara ya pili ukasema hushirikishwi. Mara ya tatu hukujibu kabisa. Ulipokuwa nyuma ya pazia ulisema yote, simu, ahadi, karatasi, uongo. Nikasema sasa ametoka mafichoni. Kumbe umeungama kwa mdomo wa mtu mwingine, ukamwachia yeye aibu yote, kisha ukaniandikia kwamba sasa unapata usingizi.

Sijui walikuambia nini mpaka ukakubali. Huenda walikutisha. Huenda ulisema afadhali nimliwaze mimi kuliko mgeni. Huenda hata hukujua karatasi imeandikwa nini. Nimekutengenezea visingizio vyote hivyo mwenyewe, wewe hujaniletea hata kimoja.

Ndani ya bahasha utakuta kadi ya harusi ya Poongodi. Imechapwa kiwandani kwetu, nilimsimamia mpiga chapa hadi akamaliza. Nakala elfu moja zimeshagawiwa Sivakasi na Virudhunagar nzima. Pale panapoandikwa jina la mjomba wa bibi harusi, yule atakayemvisha shada na kumpandisha jukwaani, pameandikwa Velladurai. Amenunua shati jipya. Alipoambiwa alikataa, akasema yeye ni muuza maziwa tu, hana undugu na sisi. Nikamwambia undugu aliubeba mikononi siku ya Pongal, barabara nzima ilimwona.

Poongodi ameuliza kwa nini. Nimempa barua zako azisome, isipokuwa ile niliyoichoma.

Usije. Una sauti nzuri, nchi nzima inakubali. Basi kadi hiyo isome kwa sauti, polepole, kutoka juu hadi chini, majina ya pande zote mbili. Lako halimo.

Pechiammal,
mama yake Esakkimuthu